Mkwe Hapekuliwi

Jumatatu, 3 Machi

Pipa limejaa tena kabla hata chai haijaja. Mapanga, visu, rungu, mundu wa mama mmoja aliyekuja kuulizia cheti cha mtoto. Na mkuki. Mwenye mkuki anasema anautumia kupima kina cha tope njiani. Nikamwambia pima kwa mguu kama wenzako.

Watu bado wananuna. Amri imeanza mwezi uliopita, baada ya mtu kuchomoa panga kwenye kikao cha mipaka kata ya jirani. Hakukatwa mtu, ilikatwa meza. Sasa hakuna kuingia ofisi ya serikali na silaha, ya wazi wala ya kufichwa. Ya wazi unaiacha kwenye pipa getini, ukitoka unachukua. Ya kufichwa ukikamatwa nayo, polisi moja kwa moja.

Wapekuzi ni mimi na Hamisi. Getini mimi nakaa Jumatatu, Jumatano na Ijumaa, yeye Jumanne na Alhamisi. Asiye getini anasimama ndani, mlango wa baraza la ardhi. Hamisi alitoka Kigoma kufuata dhahabu. Hakuipata. Sasa anaitafuta kwenye mifuko ya wananchi, anavyopapasa yule!

Mtendaji wa kata alitaka hata fimbo za wazee ziingie kwenye pipa. Nikamwambia bosi, mzee wa Kikurya bila fimbo ni sawa na umemvua suruali barabarani. Akaacha. Kwao Mbeya, hajamaliza mwaka hapa. Akisikia sauti kubwa anadhani vita imeanza. Kumbe watu wanasalimiana.

Jumatano, 5 Machi

Siku ya mashauri ya ardhi. Mkwe wangu amekuja.

Mzee Nyamhanga, baba yake Bhoke mke wangu. Ana shauri na jirani yake Magige. Magige alilima na ng'ombe mpaka juu ya kaburi la Chacha, mtoto wa mzee na shemeji yangu, aliyefukiwa na kifusi kule kwa wachimbaji wadogo. Jembe lilipita juu, likang'oa msalaba. Magige anasema kipande kile ni chake tangu babu yake. Hata kama ni chako, mura, unalima kaburi?

Nilimwona mzee kutoka mbali. Koti jeusi zito, jua lote lile. Akasimama mbele yangu. Nikatazama chini, nikasema shikamoo, nikasogea pembeni apite.

Ningefanya nini? Mkwe haguswi. Simshiki mkono, sili naye, simtazami usoni. Tukikutana njiani mimi ndiye naingia majanini. Leo eti nimpapase mbavu?

Alisimama kidogo, kisha akapita.

Magige hakuja. Katuma neno anaumwa. Tangu ugomvi uanze amehamia kwa dada yake Sirari, shamba wanaangalia watoto wake. Kikao kimesogezwa.

Koti lile silipendi.

Ijumaa, 7 Machi

Nimewaza koti siku mbili.

Mzee alikaa kwenye benchi akiegemea upande mmoja. Kofia ilipoanguka hakuinama. Alimngoja mtu amwokotee. Mgongo wake mzima, wiki iliyopita nilimwona analima. Na mkono wa kushoto ulikuwa umebana ubavu muda wote.

Mtu anayebana ubavu hivyo ana kidonda au ana kitu. Kidonda Bhoke angenieleza.

Jumatatu, 10 Machi

Nimemwuliza Bhoke kama baba yake anaumwa. Akasema haumwi. Akainuka kwenda kuangalia mboga ambazo zilikuwa haziungui.

Jumatano, 12 Machi

Amekuja tena. Koti lile lile. Magige tena hakuja, safari hii eti gari liliharibika. Mwoga.

Mzee alisimama mbele yangu muda mrefu kuliko wiki iliyopita. Foleni nyuma yake ikaanza kunung'unika. Mimi naangalia viatu vyake. Kandambili za tairi, kidole kimepasuka. Vile viatu haviondoki. Nikasogea pembeni zaidi, nikadhani hajaona nafasi. Ndipo akapita.

Nimeelewa mchezo wake. Anajua siwezi kumgusa. Anasimama pale ili watu wote waone simgusi. Ananipima. Anataka kujua geti hili lina mwenyewe au halina.

Na mimi nimekuwa mlango wake. Sheria yote ya serikali, pipa, tangazo, na mwanya uliopo ni mimi, mkwilima wa Nyamhanga, mume wa binti yake.

Nina hasira.

Alhamisi, 13 Machi

Bhoke alikuwa nyuma ya nyumba anaongea na simu kwa Kikurya cha chini chini. Nilipotokea akakata. Nikauliza nani. Akasema mama. Mama yake hana simu.

Ijumaa, 14 Machi

Leo nimembana Bhoke mpaka akasema.

Siku msalaba ulipong'olewa, mzee alikwenda kaburini peke yake. Akachukua sime ya marehemu Chacha. Akaapa juu ya udongo ule kwamba sime hiyo haitawekwa chini kwa mkono wake mpaka imguse Magige. Mama mkwe alisikia yote kutoka kwenye migomba.

Nikaenda kufunga mlango, majirani wasisikie.

Kiapo cha kaburini si maneno ya pombe. Kwetu mtu aliyeapa hivyo hawezi kuamka kesho akasema nimebadili mawazo. Marehemu anasikiliza. Mzee Nyamhanga hajawahi kuapa ovyo maisha yake yote, hata kanisani hunyamaza wenzake wakiitikia.

Kwa hiyo si kidonda.

Bhoke akaongeza kitu kimoja, akiangalia ukutani. Baba yake amempa ujumbe aniletee: "Mwambie mumeo afanye kazi yake."

Kazi yangu! Yaani nisimame pembeni, nitazame chini, yeye apite akachinje mtu. Ananikejeli mpaka ndani ya nyumba yangu. Na binti yake ananiletea kejeli hiyo kama anayeleta sahani.

Nimemwambia Bhoke hata wewe sikuamini. Akalia. Sikujuta wakati ule. Sasa najuta kidogo.

Jumapili, 16 Machi

Kanisani mzee alikaa mbele, mimi nyuma kabisa. Koti anavaa hata kwa Mungu.

Nimepiga hesabu ya kila namna. Nikisema kwa mtendaji, polisi watamchukua. Mzee wa umri ule rumande, na aliyemtia ni mkwe wake. Bhoke atarudi kwao, watoto watanitazama. Nisiposema, siku Magige akitokea damu itamwagika ndani ya baraza. Magige mfu, mzee jela mpaka kufa, watoto wa Magige wanakuja kwa wana wa Nyamhanga, na hapo zitaingia koo nzima. Tumeyaona hayo huku. Yakianza hayana breki.

Jumatatu, 17 Machi

Nimepata akili. Nimemwomba mtendaji shauri la Nyamhanga lisikilizwe Alhamisi. Nikadanganya kwamba Jumatano kuna mnada, watu watakuwa wachache. Alhamisi geti ni la Hamisi. Hamisi hana mkwe hapa. Atampekua vizuri sana.

Halafu nikakumbuka Hamisi alivyo. Filimbi mdomoni, mikono kama anachagua mahindi. Mzee mwenye kiapo akishikwa na mtu baki hatasimama tu. Atachomoa. Hamisi ana watoto Kigoma.

Sijui ninataka nini.

Alhamisi, 20 Machi

Mzee hakuja.

Katuma mjukuu aseme tumbo linamsumbua, anaomba Jumatano kama kawaida. Baraza likakubali, Magige naye hakuwepo.

Nimejua kwa hakika. Anachagua zamu yangu. Hataki Hamisi, ananitaka mimi. Mtu anayechagua geti lisilo na mlinzi ni mwizi. Nimelisema moyoni neno hilo juu ya baba wa mke wangu, na silifuti.

Ijumaa, 21 Machi

Mtendaji kaniita. Mtu kamnong'oneza, nadhani ni karani. Akauliza yule mzee mwenye koti mbona hapekuliwi. Nikasema ni mkwe wangu.

Akacheka. Alidhani natania. Nikamweleza, akazidi kucheka, kisha akaacha ghafla. Akasema sheria haina mkwe. Jumatano ijayo nimpekue au nivue gwanda na kulikabidhi.

Ndiyo, haina mkwe. Ila aliyeiandika hakuoa kule Nyarero, kwa kina Bhoke.

Nimetoka pale nikamtazama Hamisi. Amefunga, midomo imekauka, hasira ziko puani. Nikamwuliza kwao Kigoma ikoje mtu na baba mkwe. Akasema wanaheshimiana, ila akiwa na kisu anashikwa. Rahisi hivyo. Nilimwonea wivu.

Jumatatu, 24 Machi

Kijana wa Magige alikuja kuuliza kikao ni saa ngapi. Baba yake anakuja Jumatano. Safari hii kweli. Amechoka kukaa kwa dada yake, shemeji anamsimanga kwa ajili ya ugali.

Kwa hiyo Jumatano watakaa benchi moja la mbele, mmoja kulia mmoja kushoto, kama baraza linavyokalisha watu. Kati yao ni meza ya plastiki.

Bhoke hajalala sawasawa. Leo kaniuliza swali la ajabu. Mtu akimgusa mkwe wake kwa sababu ya kazi, watoto wake wanapatwa na nini? Nikamjibu sijui, wazee ndio wanajua. Nikamwuliza kwa nini anauliza. Akasema basi tu.

Kuna kitu ananificha bado. Nakiona, kama jiwe ndani ya kiatu.

Jumatano, 26 Machi

Niandike upesi.

Mvua ilinyesha alfajiri. Magige alifika mapema na vijana wake. Amekonda. Wakaacha mapanga kwenye pipa bila ubishi. Niliwapapasa, safi. Wakaingia. Hamisi mlango wa ndani.

Kisha mzee. Koti. Akaja taratibu, fimbo kwenye tope. Nyuma yake hakukuwa na mtu. Akasimama.

Nikasema shikamoo. Hakuitikia. Nikangoja apite. Hakupita.

Tulisimama hivyo mimi na yeye. Mimi nikitazama kandambili zake. Nikasikia pumzi yake, fupi fupi, ya mtu aliyebeba gunia kupanda mlima. Na ndipo nikafanya kitu ambacho sijawahi kufanya tangu nioe. Niliinua macho nikamtazama usoni.

Sikuona kejeli. Nilitafuta, haikuwepo. Macho yalikuwa mekundu, ya mzee asiyelala. Yalikuwa yananitazama mkono.

Nikautia mkono wangu ndani ya koti la baba mkwe wangu.

Ilikuwa pale, ubavu wa kushoto, imefungwa kwa kamba ya katani juu ya shati. Niliijua kabla sijaiona. Mpini umezungushiwa mpira wa baiskeli. Nilikuwepo Chacha alipoufunga, tulikuwa tunacheka kwa sababu aliufunga vibaya. Nikavuta. Mzee angeweza kunishika mkono. Angeweza kunipiga fimbo, alikuwa nayo. Badala yake aliinua mikono yote miwili juu, kama watu wengine wa foleni, akaiacha juu mpaka kamba ikalegea.

Akasema, "Umekawia, mkwe."

Akashusha mikono. Akavuta pumzi ndefu, akaingia ndani kumkabili Magige akiwa na fimbo tu.

Sheria inasema silaha iliyofichwa, polisi. Niliisimamisha kwenye pipa katikati ya mapanga ya vijana wa Magige. Hamisi alikuwa ameona yote kutoka mlangoni. Nikamtazama. Akasema, "Mimi nimefunga bwana, macho hayaoni vizuri," akageuka.

Kikao kilikuwa kirefu. Walipigiana kelele mpaka mtendaji akafunga dirisha. Lakini zilikuwa kelele. Wazee wa baraza watakwenda shambani kuangalia mpaka. Kaburi halitaguswa tena, na Magige atasimamisha msalaba kwa mkono wake mwenyewe, popote mpaka utakapoonekana kuwa. Magige alikubali akiangalia sakafu. Nadhani naye alikuwa anamngoja mtu wa kumwambia.

Kutoka, kila mtu alichukua chake kwenye pipa. Mzee alipita pipa bila kugeuka. Sime ikabaki peke yake.

Alhamisi, 27 Machi

Jana usiku Bhoke alisema yaliyobaki. Sikumbana. Alikaa akasema.

Mzee alijuta kiapo chake siku ile ile, kabla jua halijazama. Alimfikiria Chacha, akaona Chacha asingetaka. Lakini kiapo ni kiapo. Haitawekwa chini kwa mkono wake. Basi hakubaki na njia ila mtu mwingine aichukue. Nani? Watoto wake wa kiume wangeipokea na kwenda kumaliza kazi. Mtu baki akimshika, angelazimika kupigana, heshima ya uzee haikubali kunyang'anywa na mtu wa barabarani. Polisi ni jela.

Kuna mtu mmoja tu ambaye Nyamhanga hawezi kumwinulia mkono. Mkwe hampigi mkwe. Kama mimi siruhusiwi kumgusa, yeye haruhusiwi kunipiga. Ndiyo maana zamu yangu. Ndiyo maana alikuwa anasimama.

"Mwambie mumeo afanye kazi yake." Alikuwa ananiomba.

Bhoke alijua. Aliogopa kuniambia waziwazi, kwa sababu ingekuwa yeye ndiye aliyenituma kuvunja mwiko, na mwiko huo unaangukia watoto. Alifikisha ujumbe kama ulivyo akaomba Mungu nielewe. Mimi nikaelewa ninavyoelewa kila kitu, kwa ubaya.

Mwizi, nilimwita. Alikuwa anakuja kila Jumatano kunipa sime, na mimi nampisha njia.

Nimemwomba Bhoke msamaha. Kasema sawa. Bado hajacheka.

Jumapili, 30 Machi

Wazee wamekaa nyumbani kwa baba yangu mdogo baada ya ibada. Kosa langu halikuwa na ubishi, nimemgusa mkwe. Nilitoa mbuzi. Yule beberu mwenye pembe moja, msumbufu, sikuhuzunika sana. Walifanya yao, kichuri cha tumbo la mbuzi kikaliwa, nikaambiwa watoto watakuwa salama.

Kisha likaja swali gumu. Mzee atakuja tena ofisini, kila mtu huja. Nitatoa mbuzi kila akitaka barua? Walibishana mpaka nyama ikapoa. Mwishowe wakaamua. Ndani ya geti la serikali mimi ni gwanda, si mkwilima. Nikivuka barabara, ni mkwilima kama zamani. Mmoja akasema hajawahi kusikia mwiko wenye geti. Mwenzake akamjibu hata serikali yenye pipa la mapanga hakuwahi kuisikia.

Mzee hakuwepo, haruhusiwi kula na mimi. Alipelekewa mguu.

Jumatano, 2 Aprili

Magige amesimamisha msalaba. Bhoke alikwenda kuona. Anasema umeinama kidogo upande wa migomba ila umeshika.

Sime bado iko getini. Mtendaji kauliza ya nani. Nikasema mwenyewe hatarudi. Kasema iandikwe imetelekezwa, ipelekwe kituoni na vingine vilivyosahaulika. Hamisi ameibeba leo na kisu kibovu na rungu. Niliutazama ule mpira wa baiskeli mpaka alipokata kona.

Ijumaa, 11 Aprili

Mzee amekuja kuulizia mbolea ya ruzuku. Amevaa shati tu, lile la mistari la sikukuu. Sikuwa nimemwona bila koti tangu siku ile ya kwanza getini.

Akasimama mbele yangu, akainua mikono mwenyewe, akageuza uso upande wa barabara. Nikampapasa haraka, kwa heshima, kiganja kikiwa wazi. Hakukuwa na kitu. Mbavu tu. Mzee amekonda sana, nimwambie Bhoke ampelekee maziwa.

Jioni tulikutana njia ya Nyarero. Niliingia majanini mpaka magotini, nikatazama chini. Akapita.